Baada ya Upasuaji: Figo, Masafa na Mwambao wa Tanganyika



Kabla ya mwaka 2017 Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo alipelekwa nje, mara nyingi India, la sivyo alibaki akisubiri. Novemba mwaka huo Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini kwa kushirikiana na madaktari wa India. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, pamoja na kundi la hospitali za Tokushukai la Japani. Ni kazi ya kujivunia. Lakini kila tunapojisifu tunahesabu upasuaji, na upasuaji huchukua saa chache tu. Kwa mtu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma, ugumu uko kabla ya saa hizo, na zaidi uko baada yake.

Figo hufa bila kuuma. Presha na kisukari huzila kwa miaka, na mgonjwa huja kushtuka uso na miguu vikiwa vimeshavimba, pengine baada ya mizunguko kadhaa kwa waganga. Kijiti cha kupima protini kwenye mkojo kingeweza kuonya mapema, pale pale zahanati. Asipoonywa, kinachofuata ni mashine ya kusafisha damu: kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Sasa mchukulieni mvuvi wa Kalya, kusini ya Milima ya Mahale, ambaye njia yake ya kuja mjini ni boti. Hata mashine ikiwa hapa Kigoma, ratiba hiyo inamtaka ahame kijiji, aache nyavu, apange chumba. Wala kipato chenyewe hakitabiriki: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa sababu nzuri ya kuacha samaki wazaliane, ila mwili haukupewa likizo ya miezi mitatu.

Mtoa figo naye hutajwa kwa sifa, kisha husahaulika. Hapa nchini figo hutolewa na ndugu aliye hai. Naye hupimwa, husafiri, hulazwa, hukaa wiki kadhaa bila kuinua mzigo. Bima ikilipia kitanda chake, nani atalipia siku zake za kazi? Duniani wanawake ndio wengi katika utoaji huu na wanaume ndio wengi katika upokeaji. Sioni sababu ya kudhani Kigoma itakuwa tofauti. Tena undugu wa hapa hauishii majini. Mtu wa Ujiji anaweza kuwa na kaka wa damu Kalemie au Uvira, upande wa Kongo, na kaka huyo hana kitambulisho cha NIDA cha kuweka mezani. Mkimbizi wa Nyarugusu, ambaye hata kutoka kambini huhitaji kibali, yuko mbali zaidi.

Nitazameni ramani kidogo. Kwa mstari ulionyooka, Kigali iko karibu nasi kuliko Dodoma, kama nusu ya masafa, na Hospitali ya King Faisal ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejadili mengi. Hili la mgonjwa kuvuka mpaka na bima yake lingestahili kikao.

Sasa tuseme figo imepatikana na mvuvi wetu amerudi nyumbani. Dawa za kupunguza kinga ya mwili kama takrolimasi humezwa kila baada ya saa 12, siku zote figo hiyo inapofanya kazi. Dawa ikipungua mwilini, kinga huishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza. Tabibu wa zahanati akimwandikia erithromaisini kwa kikohozi, kiwango hupanda. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, hushuka vibaya. Tabibu huyo hana kosa kama hakuna aliyemwandikia barua wala kumpa namba ya kupiga.

Kiwango hicho cha dawa hujulikana kwa kupima damu, na hapo ndipo safari za kurudi Dodoma au Dar es Salaam zinapomaliza akiba ya familia. Lakini damu ya kipimo hiki, ikiwekwa katika kichupa sahihi, hudumu siku kadhaa bila kuharibika. Inaweza kuchukuliwa asubuhi kabla ya dozi, ikaja kwa boti hadi mjini, ikapanda ndege ya Kigoma, na majibu yakarudi kwa simu kwa daktari wa Hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, mwenye jalada la mgonjwa. Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni daktari huyo mmoja, mwenye jina na zamu, na nauli ya kichupa.