Meza Kabla ya Mashine: Karakana za Nyumbani za Kuchomelea Kasulu na Kibondo

Oktoba 2022 majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakizalisha umeme wa Kasulu na Kibondo yalizimwa, na miji hiyo ya nyanda za juu za Kigoma ikaingia katika gridi ya taifa kupitia kituo cha umeme cha Nyakanazi. Fundi wa kuchomelea aliipokea habari hiyo kwa hesabu zake mwenyewe. Mashine ndogo ya inveta, inayobebeka kwa mkono mmoja, sasa ingeweza kuwekwa uani na kuingiza kipato. Kilichosahaulika ni mahali pa kuiwekea kazi. Geti bado linaungwa chini, juu ya udongo mwekundu, vipande vya matofali vikisukumwa huku na kule ili fremu itulie, na fundi akiwa amechuchumaa tangu asubuhi.

Mada hii ya semina inatetea hoja moja: meza ya kuchomelea ni kipimo. Anayeichukulia kama fanicha ataiunga kwa mabaki yaliyopinda, na kila mlango utakaotoka juu yake utarithi mpindo uleule.

Sababu iko ndani ya chuma chenyewe. Kipande cha mita moja hurefuka kwa takriban milimita 1.2 joto lake likipanda kwa nyuzijoto 100. Kingepashwa chote kwa pamoja na kupoa kwa pamoja, kingerudi kilivyokuwa bila ubishi. Lakini mshono hupashwa upande mmoja tu. Chuma baridi kilicho jirani hukizuia cha moto kisitanuke kwa uhuru, halafu mshono unapopoa hunywea na kuvuta pembe upande wake. Ndiyo maana fremu iliyopimwa ikawa sawa kabla ya kuchomelewa hukataa kuingia ukutani jioni, na lawama humwangukia mwashi. Udongo hauwezi kushindana na mvuto huo. Meza nzito yenye klampu huupunguza sana, japo haiumalizi.

Kwa karakana ya nyumbani, uso wa mita 1.2 kwa sentimita 80 unatosha madirisha, milango mingi na keria za baiskeli. Bamba la milimita 8 la ukubwa huo lina uzito wa kilo 60 hivi. La milimita 10 linafika kilo 75. Bamba zima ni zuri, ila ni ghali na linahitaji fedha yote kwa mkupuo. Njia inayofaa zaidi kwa anayeanza ni kupanga flati bari saba zenye upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 10, akiacha nafasi ya takriban sentimita 1.7 kati ya moja na nyingine. Fundi anaweza kununua mbili mwezi huu na mbili mwezi ujao. Nafasi hizo zinampa pa kupitishia klampu katikati ya meza, jambo ambalo bamba zima halimruhusu. Na bari moja ikiharibiwa na grainda, inabadilishwa hiyo peke yake.

Fremu ya chini iwe ya mabomba ya mraba ya milimita 50, yenye unene wa milimita 3. Swali linalowakwaza wengi ni hili: meza ya kwanza inaungwa juu ya nini ilhali meza hakuna? Jibu ni sakafu ya saruji iliyo bora kuliko zote zinazopatikana, hata ikiwa ni baraza la jirani, kwa ruhusa yake. Pembe zishikizwe kwanza kwa nukta ndogo za mshono. Kisha futi ipite kona kwa kona: kwa fremu ya mita 1.2 kwa 0.8, vipimo vyote viwili visome sentimita 144.2. Vikitofautiana, fremu igongwe mpaka vilingane. Baada ya hapo ndipo ichomelewe, kona moja kisha ile inayoikabili, ili mivuto ipunguzane. Vijiti vya milimita 2.5, kwa ampea 70 hadi 90, vinafanya kazi yote hiyo.

Kosa la kawaida huja mwishoni. Fremu imenyooka, fundi amefurahi, anapitisha mshono mrefu usiokatika kuzunguka uso wote wa meza, na joto linaukunja uso ule aliouhangaikia. Mishono mifupi ya sentimita mbili au tatu, iliyopigwa kwa chini na kuachiana nafasi, inatosha. Boliti ni bora zaidi, kwa kuwa zinaruhusu kuweka vipande vyembamba vya bati chini ya bari iliyobonyea.

Kuhakiki hakuhitaji chombo cha bei. Nyuzi mbili za uashi zinavutwa zikakatiza katikati, kila moja kutoka kona hadi kona. Zikigusana kwa wepesi, uso haujajisokota. Zikiachana, au wa juu ukikalia wa chini hadi kuupinda, basi kona mojawapo imepanda au kushuka. Mpira wa maji, ule ambao waashi hutumia kusawazisha msingi, unaonyesha ni kona ipi.

Mvua za nyanda hizi, zinazoanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei, hulainisha sakafu ya udongo, na mguu mmoja ukididimia kipimo kimepotea. Nati ichomelewe chini ya kila mguu na boliti ya milimita 16 ipitishwe humo, ili meza ipandishwe au kushushwa kwa spana. Chini ya boliti liwekwe tofali la kuchoma au kipande cha zege. Miguu mitatu haichezi hata kwenye ardhi mbovu, lakini meza yake hupinduka kirahisi mzigo ukikaa pembeni. Minne ndiyo ya kuaminika. Vijiti vya kuchomelea navyo vitunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, maana unyevu huharibu utulivu wa moto na ubora wa mshono.

Maboresho yafuate kazi inayoingia. Baiskeli ndiyo lori la wakulima wengi wa Kasulu na Kibondo, na keria imara ina soko. Matundu ya milimita 16 yakitobolewa katika bari, boliti huwekwa kama vizuizi, na keria ya kumi inatoka sawa na ya kwanza bila kupimwa upya. Boliti nyingine ichomelewe chini ya meza kwa ajili ya klampu ya athi. Kwa baiskeli nzima, hata hivyo, athi ibanwe karibu na mshono kwenye fremu yenyewe. Umeme ukipita kwenye gololi za magurudumu huzitoboatoboa. Pikipiki ifunguliwe betri kwanza.

Karakana ya nyumbani ina watoto, na watoto hupenda kutazama cheche. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kwa muda mfupi, na maumivu huja usiku. Kinga ya mabati yaliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa izunguke meza. Miwani ya jua, ambayo baadhi ya mafundi huivaa badala ya kioo cha kuchomelea, haifai kabisa. Mabomba yaliyopakwa zinki yaparuliwe palipo na mshono, na kazi ifanyike penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa.

Linabaki suala la vyuo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa nchini mwaka 1975, na Kasulu na Kibondo kila mmoja una chake. Semina inaombwa ijadili pendekezo kwamba mwanafunzi wa kuchomelea aunge meza yake kama kazi ya mwisho ya mafunzo, ipimwe kwa nyuzi mbele ya mkufunzi, kisha aondoke nayo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, linaweza kuombwa lisaidie kutoboa matundu, kwani dirili ya mkononi huyumba kwenye chuma cha milimita 10. Gharama ya bari ndiyo itakayoleta mjadala mrefu: ilipwe na mwanafunzi kidogo kidogo, au ikatwe katika mauzo ya mageti ambayo chuo kinauza.