Kabla ya Kununua Programu
Kikundi kikitunza hesabu zake kwa programu yenye muundo usiosomeka kwingine, leseni itakapokwisha, wanachama waweza kushindwa kufungua daftari lao wenyewe. Hesabu ni zao, lakini ufunguo uko kwa muuzaji.

Viwango huria huondoa kifungo hicho. Muundo wa ODF, uliopitishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, hufunguliwa na programu nyingi, ikiwemo LibreOffice isiyolipiwa. Hatusemi kwamba programu ya kulipia haifai. Twasema uwe na njia ya kuhama.

Basi kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji: "Tukiondoka, tutachukua kumbukumbu zetu katika muundo gani?" Akikosa jibu, msitie saini. Kuuliza si ujinga.