Hotuba ya Walimu wa Chumba cha Kompyuta



Tumeombwa tueleze jinsi kompyuta za shule zinavyowekewa mfumo endeshi bila sidii, wala fundi kwenda mashine kwa mashine. Kompyuta ikiwashwa, hutaja namba yake kwenye waya wa mtandao na kuomba anwani. Seva huipa anwani pamoja na jina la faili la kuanzia. Faili hilo likishapokelewa, huleta mfumo uliobaki. Njia hii si mpya: kanuni za BOOTP zilitolewa mwaka 1985, na PXE ikafuata katika miaka ya 1990.

Lakini tunakiri kosa letu. Tuliziacha kompyuta zianzie kwenye mtandao kila zinapowashwa. Asubuhi moja zote zikajiwekea mfumo upya, na orodha ya watahiniwa ikafutika. Sisi tulioacha vyeti vyetu nyumbani tunaujua uchungu huo.

Sasa kazi ikiisha, tunazirudisha zianzie kwenye diski zao, na orodha tunaiandika pia katika daftari. Tunaiomba Kamati kabati lenye kufuli la kulihifadhi.