Tairi Linalofaa kwa Shamba Lenye Miiba

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mtaalamu wa zana za kilimo mbele ya wakazi wa Kata ya Visiga. Inachapishwa kwa faida ya wakulima na wamiliki wa matrekta madogo ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie tairi la trekta. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya mbegu, mbolea na soko. Lakini kila mwenye trekta humu anaifahamu siku ile ambayo mvua ya masika imenyesha usiku kucha, udongo umelainika, majirani watano wanangojea zamu zao, na trekta limeinama upande mmoja katikati ya shamba kwa sababu ya mwiba mmoja. Siku hiyo mvua haimsubiri fundi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme trekta dogo linalima ekari tano kwa siku, na kila ekari inalipiwa shilingi 60,000. Siku moja ya kusimama ni shilingi 300,000 zilizopotea, kabla hujamlipa fundi wala nauli ya bodaboda ya kupeleka tyubu barabarani. Siku tatu za namna hiyo katika msimu mmoja ni shilingi 900,000. Naye jirani aliyekuwa akingoja zamu yake hupanda kwa kuchelewa, na mahindi yaliyochelewa hukosa mvua pale yanapoihitaji zaidi. Kwa hiyo ninachotaka mwondoke nacho leo ni hiki: bei ya tairi isipimwe dukani peke yake, ipimwe shambani, kwa siku ambazo tairi hilo litakuwezesha kufanya kazi.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri ndugu yangu anunue matairi mawili ya nyuma yaliyokwisha kutumika. Yalikuwa na meno marefu na bei nafuu. Niliyatazama meno, sikutazama ubavu wala tarehe ya kutengenezwa. Katika wiki ya pili ya kulima, kisiki kilipasua ubavu wa tairi moja, mpasuko wa urefu wa kiganja. Mpira ulikuwa umekauka kwa uzee, na kiraka hakikushika. Ndugu yangu alimaliza msimu ule kwa jembe la mkono, akiwa na trekta uani. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikuthubutu kuomba pole.

Tujikumbushe kwanza kwa nini tairi lina upepo. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli. Matrekta, hata hivyo, yaliendelea kutembea kwa magurudumu ya chuma kwa miaka mingi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndipo kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilipoanza kuuza matrekta yenye matairi ya upepo. Wakulima waligundua kwamba tairi la upepo hulala kidogo juu ya udongo, hushika vizuri, na halimtikisi dereva kama chuma. Chuma hakikujua pancha, upepo unaijua. Kila njia ya kuzuia pancha tutakayoitaja leo huchukua kitu fulani katika faida hizo za upepo. Kazi yetu ni kuchagua kiasi gani tuko tayari kukitoa.

Sisi wa Kibaha si wageni wa zana hizi. Tangu kutangazwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, matrekta ya mkono na matrekta madogo yameenea katika halmashauri nyingi nchini, na hapa kwetu TAMCO ndipo matrekta ya URSUS kutoka Poland yalipounganishwa kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Lakini trekta jipya, popote litokapo, kwa kawaida huja na matairi ya kazi za jumla. Aliyeyachagua hakuliona shamba lako.

Je, katika mashamba yetu tairi linakabiliana na nini? Wa kwanza ni mkulagembe, ambao wengine huuita mvunja shoka. Vitawi vyake vifupi huishia kwenye ncha ngumu, na ukiukata bila kuung'oa huchipua tena kutoka mizizini. Wa pili ni migunga. Wa tatu ni michongoma tunayoipanda wenyewe kuzunguka nyumba, kisha tunapoipogoa tunatupa matawi njiani. Wa nne ni visiki vilivyokatwa kwa panga kimshazari, vikabaki vimesimama kama mikuki ndani ya nyasi. Wa tano ni mabaki ya ujenzi na moto: misumari, na nyaya za chuma zinazobaki tairi kuukuu la gari linapochomwa. Angalieni tofauti iliyopo hapo. Mwiba na msumari hutoboa uso unaokanyaga ardhi. Kisiki hupasua ubavu. Dawa ya moja si dawa ya jingine.

Sasa twende dukani. Tairi husomwa ubavuni kama kitabu. Tairi la nyuma lililoandikwa 13.6-28 lina upana wa inchi 13.6 na hukaa juu ya ringi ya inchi 28. La mbele mara nyingi huandikwa 6.00-16, na la trekta la mkono 6.00-12. Usibadili kipimo kwa kuvutiwa na bei. Kwa trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne, mzunguko wa tairi la mbele na wa nyuma hulinganishwa na gia. Ukiuvuruga ulinganifu huo, gia ndiyo italipa.

Baada ya kipimo, tafuta herufi PR zikiwa na namba: 4PR, 6PR, 8PR. Hizi hueleza nguvu ya tabaka za nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, ambazo mafundi wetu huziita plai. Zamani namba ilikuwa hesabu halisi ya tabaka za pamba. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, lakini maana kwa mnunuzi ni ile ile: namba ikiwa kubwa, mwili wa tairi ni mgumu zaidi. Kwa mashamba yenye miiba na visiki, kama trekta lako linaruhusu 6PR na 8PR, chukua 8PR. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 150,000 kwa tairi moja. Kwa hesabu yetu ya mwanzo, hiyo ni nusu ya siku ya kusimama.

Herufi ya tatu ya kutazama ni R. R-1 ni tairi la kawaida la kilimo, lenye meno yaliyopangwa kwa mshazari. R-2 ni la mpunga na matope. Meno yake ni marefu takriban mara mbili ya yale ya R-1. R-3 ni la nyasi za viwanja, wala halitufai. R-4 ni la kazi za ujenzi. Lina meno mapana mafupi na ubavu mzito, nalo huvumilia miiba, mawe na lami kuliko R-1. Kasoro yake ni kwamba kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, nafasi baina ya meno hujaa tope na trekta huteleza.

Yako pia matairi ya rediali, ambayo chini ya uso wake yana mkanda imara unaozuia miiba, ila ubavu wake ni laini. Yale ya nyuzi za mshazari yana ubavu mgumu zaidi. Mahali penye visiki vingi, ubavu mgumu ndio wenye faida.

Mwisho, tafuta tarimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Namba 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka mingi hupata nyufa nyembamba ubavuni hata kama halijawahi kukanyaga udongo. Lingekuwa ndilo jambo pekee nililolitazama siku ile, ndugu yangu asingerudi kwenye jembe la mkono.

Wengi huniuliza kuhusu kinga za ziada. Ipo dawa ya maji inayotiwa ndani ya tairi kupitia vali. Mwiba ukitoboa, dawa husukumwa na upepo hadi kwenye tundu na kuliziba. Inafaa kwa matundu madogo, na hufanya kazi vizuri zaidi katika tairi lisilo na tyubu. Kwenye tyubu mwiba uliobaki ndani ya tairi huendelea kuikwaruza na kupanua tundu. Haizibi mpasuko wa ubavu, na muuzaji akisema inaziba, mwulize mpasuko wa urefu gani.

Ipo njia ya mafundi wetu ya kuweka bitana ya tairi kuukuu baina ya tairi na tyubu. Kwa mwendo wa polepole wa shambani inasaidia, ikiwa kingo zake zimelainishwa na kupakwa poda. Ikiachwa na kingo kali, bitana yenyewe ndiyo itakayotoboa tyubu, hasa trekta likikimbia barabarani na joto kupanda.

Ipo pia njia ya kujaza tairi povu la poliyurethani ambalo huganda na kuchukua nafasi ya upepo. Tairi hilo halipati pancha kabisa. Lakini huwa zito sana, humtikisa dereva, huongeza mzigo kwenye ekseli, na povu haliwezi kutolewa bila kulikata tairi. Linafaa mitambo inayoshinda kwenye vifusi na vyuma chakavu. Kwa trekta dogo la kulima silishauri. Maji ambayo wengine hujaza katika matairi ya nyuma huongeza uzito na mshiko, lakini hayazuii mwiba hata mmoja.

Nikijumlisha, ushauri wangu ni huu. Anayelima mashamba ya juu ya mihogo, mahindi na mikorosho, achukue R-1 yenye plai nyingi na ubavu mgumu, na atie dawa ya kuziba matundu katika matairi ya mbele, ambayo ndiyo hukutana na mwiba kwanza. Anayelima mpunga katika bonde la Ruvu achukue R-2, kwa maana huko adui wake ni tope. Ambaye trekta lake hushinda likivuta tela la mchanga, matofali au maji, afikirie R-4. Anayefanya yote matatu aulize ni kazi gani inayomlipa zaidi, kisha achague kwa ajili ya kazi hiyo.

Ndugu zangu, tairi bora bila upepo sahihi ni fedha iliyotupwa. Upepo ukipungua, ubavu hukunjwa, tairi huteleza juu ya ringi na kung'oa vali. Fuata kipimo cha kitabu cha trekta, upime asubuhi kabla ya kazi, na wenye matrekta watano wanaweza kabisa kuchangia kipimo kimoja cha upepo. Tena nasisitiza jambo la uhai. Tairi kubwa la nyuma linapokalishwa kwenye ringi, lisijazwe zaidi ya paundi 35. Kama halijakaa, toa upepo, lipake sabuni, anza upya. Fundi asimame kando, asiinamie tairi. Na ringi isichomelewe kamwe ikiwa imevaa tairi, hata kama halina upepo, kwa sababu joto linaweza kulipasua kama bomu. Msimu uliopotea hurudi mwaka ujao. Kijana aliyepigwa na ringi harudi.

Namalizia na wajibu wa wasio na trekta, ambao ndio wengi wetu. Hakuna tairi litakaloshinda mtaa unaotupa miiba njiani. Tunapopogoa michongoma, tukusanye matawi na kuyateketeza mahali salama. Tunaposafisha shamba, tung'oe mkulagembe na mizizi yake, au tukate kisiki chini ya usawa wa udongo. Tusichome matairi makuukuu njiani. Kabla trekta halijaingia, mwenye shamba atembee mbele yake na kuweka alama kwenye visiki. Ni kazi ya nusu saa, haihitaji fedha, na humlinda pia mtoto anayekwenda shule peku, mwendesha baiskeli na kijana wa bodaboda.

Trekta ni la mtu mmoja, lakini zamu ya kulimiwa ni yetu sote. Likisimama, tunasimama wengi.