Skuli za Wahindi wa Pwani na Fungu Letu la Elimu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mkutano uliopita ulituagiza tuchunguze habari za skuli za Wahindi wa pwani hii, tueleze ni mambo gani yaliyowafanya wanafunzi wao wasifiwe miaka ile, kisha tushauri namna ya kuligawa fungu letu la elimu. Twakiri kwamba kazi hii haikupokewa na wote kwa furaha. Wenzetu wawili katika kamati waliuliza: habari za Wahindi zatuhusu nini sisi, tuliofungiwa milango yao? Swali hilo ni la haki, nasi hatukulificha chini ya mkeka. Tutalijibu kadiri tunavyoendelea.

Wazee wanaoukumbuka Mvita wa zamani wanalijua jengo la skuli ya Allidina Visram, lile lenye madirisha mengi linalotazama bahari. Vijana wengi hupita mbele yake bila ya kujua jina hilo ni la nani. Allidina Visram alizaliwa Kutch, Bara Hindi, kiasi cha mwaka 1851, akavuka bahari mwaka 1863, yu mtoto wa miaka 12. Hakuja na fedha. Aliingia katika kazi ya Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, mfanya biashara aliyepeleka misafara bara, na kutoka hapo akapanda hata akawa na maduka yaliyofuata njia ya reli mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe, Abdulrasul, hakumjengea baba yake kaburi la fahari. Alitoa mali ikajengwa skuli Mombasa katika miaka ya mwanzo ya 1920, watoto wa jamii yao wapate kusoma hata daraja ya sekondari.

Hapa twaomba ruhusa tuseme neno juu ya huyo Sewa Haji, kwa kuwa watu wamemsahau. Katika miaka ya 1890 alitoa jumba la ghorofa Bagamoyo, akalikabidhi kwa serikali ya Wadachi liwe skuli, na akataka lipokee watoto bila ya kubagua rangi wala dini. Mtu huyo alikufa mwaka 1897. Basi fikra ya skuli isiyobagua ilikuwa imekwisha kutamkwa pwani ya Afrika Mashariki, tena na mfanya biashara wa Kihindi, zaidi ya miaka 60 kabla ya Kenya kuikubali katika sheria zake. Tulipolisoma jambo hili katika kikao chetu, mmoja wa wale wawili waliokuwa wakinung'unika alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Endeleeni."

Maana mambo hayakwenda hivyo. Serikali ya kikoloni iligawa skuli kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mwisho wa mstari. Mwaka 1942 ilipitishwa kwamba wavulana wa Kihindi wakaao Nairobi, Mombasa na Kisumu sharti wasome. Mtoto wa Mdigo wa Msambweni hakulazimishwa na mtu. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilipanga elimu ya Mwafrika kwa ngazi za miaka minne minne, na katika kila ngazi mtihani ulisimama kama bawabu, ukirudisha nyumbani wengi kuliko ulioruhusu kupita. Wazee mlio hapa hamhitaji kuhadithiwa. Wengine wenu mlisimama kivukoni Likoni mkiwatazama wavulana wenye kaptura nyeupe na magongo ya hoki begani, nanyi mmebeba makuti na samaki kupeleka sokoni. Ukuta ule haukubomolewa ila uhuru ulipokaribia, na baada yake Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikashauri ubaguzi wa rangi katika skuli uondolewe kabisa. Leo Allidina Visram ni skuli ya umma, na mtoto wa Kidigo aweza kuingia kama mwingine yeyote.

Sasa tuseme lile tuliloagizwa: yale yaliyowanufaisha wanafunzi wa skuli hizo, mbali na upendeleo wa serikali. Kwani upendeleo ulikuwapo, lakini haukuwa wote.

La kwanza, jamaa zao walilipa. Serikali ilisaidia, ila majengo mengi yalisimama kwa michango ya wenye maduka, na mwenye duka dogo alitoa kadiri ya duka lake. Waismaili walianza skuli zao Afrika Mashariki mwaka 1905, huko Unguja. Michango haikukoma jengo lilipokwisha.

La pili ndilo lililotuchukua muda zaidi. Skuli hizo hazikuishia kwenye kitabu. Wanafunzi walikuwa na hoki, kriketi, mijadala, michezo ya kuigiza, na siku ya kutoa zawadi ambapo wazazi walikuja wamevaa vizuri wakawaona watoto wao wakisimama mbele ya watu. Twajua kuna mzee anayesema moyoni kwamba huko ni kucheza tu. Basi natuangalie tunda lake. Kenya ilipeleka timu ya hoki katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na Tokyo mwaka 1964 ikawa ya sita duniani. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, Kenya ilikuwa ya nne. Wachezaji wale walikuwa karibu wote watoto wa Kihindi na Kigoa, waliolishika gongo kwanza katika viwanja vya skuli. Nahodha wao wa miaka mingi, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne, toka 1960 hata 1972. Nchi changa, isiyotimiza bado mwaka mmoja tangu uhuru, ilijulikana Tokyo kwa sababu walimu fulani waliamini kwamba saa ya jioni kiwanjani nayo ni saa ya masomo.

Tena kuna kriketi. Mchezo huo ulikaa miaka mingi katika vilabu vya Wahindi na Wazungu, na vijana wa Kiafrika wakiwa nje ya uzio. Walitazama, wakajifunza, wakaingia. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, nahodha akiwa Steve Tikolo, ikacheza na India yenyewe mjini Durban. Ilishindwa, lakini ilikuwa imefika mahali ambapo mataifa yenye fedha nyingi yalikuwa yamekwisha kurudi nyumbani. Kilichomfundisha mtoto aliye nje ya uzio ni kwamba uwanja ulikuwapo, naye akapata kuuona. Sasa tujiulize, mtoto wa Kinango au wa Mwereni anatazama uwanja gani?

Jambo la tatu ni la subira, nalo lina kisa cha ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, manowari za Kiingereza zilipohamia Kilindini mwaka 1942, skuli ya Allidina Visram ilichukuliwa na jeshi. Wanafunzi wakaondoka, wakaingia mabingwa wa kufumbua maandishi ya siri. Katika madarasa yale yale, wakiisikia bahari, waliyafumbua maandishi ya siri yaliyotumiwa na meli za shehena za Kijapani. Watoto waliporudi, walirudi kwenye jengo lao. Skuli iliyonyang'anywa nyumba katikati ya safari haikufa, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo watu walioihesabu kuwa ni yao. Twawaomba wazee mlishike neno hili, maana tutalirudia.

La nne, wasichana. Aga Khan wa tatu, Sultan Mahomed Shah, aliyefariki mwaka 1957, alikuwa akiwausia wafuasi wake kwamba mzazi mwenye watoto wawili, wa kiume na wa kike, na mwenye uwezo wa kumsomesha mmoja tu, amsomeshe binti. Maneno hayo yalisemwa wakati ambapo katika nyumba zetu, na katika nyumba nyingi za Kihindi pia, binti alikuwa akitayarishiwa posa. Hatutayarefusha haya. Kila mmoja hapa anawajua mabinti wa kijiji chake walioacha masomo kwa mimba au kwa ndoa ya mapema, na anayajua majina ya baba zao.

Mtu aweza kusema: Wahindi walikuwa na maduka, sisi tuna nini? Jawabu liko hapa hapa wilayani. Pale Gazi na Makongeni, tangu mwaka 2013, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Huuza hewa mbaya iliyofungiwa na miti hiyo, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zinazopatikana huamuliwa na kijiji chenyewe: maji, vitabu, mahitaji ya skuli. Fedha hizo si nyingi. Lakini hazikuombwa kwa mtu, na mwaka 2017 mpango huo ulipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Vile vile tusiwasahau walimu wa chekechea za madrasa. Kazi hiyo ilianza Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake wa mwanzo, kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani kumwomba. Ilienea Kwale, Unguja na Uganda. Mkono wa Mhindi na mkono wa Mswahili ulikutana hapo, na watoto wetu ndio waliofaidika.

Kinyume chake ni mgodi. Madini ya titani yalichimbwa katika wilaya yetu zaidi ya miaka kumi, na kampuni ililipia vijana wengi masomo. Hatuidharau hisani hiyo, na wapo walioipata ambao leo ni watumishi wazuri. Lakini uchimbaji ulikwisha Desemba 2024, na kisima kikikauka ndoo hurudi tupu. Serikali ya Kaunti nayo ina mpango wake wa Elimu ni Sasa, uliowatoa wengi, nao twauombea uhai. Hata hivyo, si mgodi wala kaunti iliyo mali ya chama hiki. Skuli tuliyoieleza ilipochukuliwa na jeshi, ilibaki na wenyewe. Msaada wa mgodi ulipoondoka, je, ulibaki na nani?

Sasa twafika kwenye shauri, nasi hatutaficha kwamba kamati haikuafikiana yote. Kwa miaka kadhaa fungu letu limetumika lote kulipia karo ya wachache waliopata alama za juu. Wengine katika kamati wataka liendelee hivyo: mtoto mmoja akiwa daktari, wasema, atawavuta wengine. Sisi tulio wengi twaona vingine. Mtoto mwenye alama za juu, mara nyingi, hupata mlango mwingine wa kubisha. Anayepotea ni yule wa katikati, asiye na taa ya kusomea usiku, asiyekula mchana, asiyewahi kusimama mbele ya watu aseme sentensi tatu. Tena mfumo mpya wa masomo una njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Mtoto ambaye hajaona uwanja wala jukwaa ataichaguaje?

Basi twashauri fungu ligawanywe mafungu mawili sawa. La kwanza libaki kwa karo, na nusu ya hilo iwe ya wasichana, bila ya kuhamishwa hata kama maombi ya wavulana yamezidi. La pili liende kwenye vyumba vya kusomea jioni, kwa kuanzia Msambweni na Diani, penye taa, sanduku la vitabu na mlezi mmoja aliyestaafu ualimu. Na pia kwenye siku moja kila muhula ya mijadala, maigizo na michezo kati ya skuli zetu, wazazi wakialikwa. Chakula cha siku hiyo kipikwe na akina mama wa matawi, si kununuliwa.

Kwa upande wa mapato, twaomba kila mwenye duka, chombo cha uvuvi, bodaboda au shamba la minazi atoe kila mwezi kadiri ya kazi yake, na majina yasomwe katika mkutano kama huu, pamoja na majina ya sisi wanakamati tukichelewa. Tunajua jambo la kusoma majina litawaudhi baadhi ya watu. Tulilijadili usiku kucha, tukaona afadhali kuudhiana kidogo hapa ukumbini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, maelezo ya hesabu yako katika ukurasa wa mweka hazina. Shauri la wenzetu wachache nalo limeandikwa kwa ukamilifu, kwa maneno yao wenyewe, nasi twaomba lisomwe kabla ya letu. Kisha twaomba kura ipigwe leo, kabla ya sala ya alasiri, kwa kuwa skuli zinafunguliwa hivi karibuni na wazee wa Vanga wana safari ndefu.