Jinzi Kuukuu, Mwanasesere Mpya



Tuseme machache juu ya kazi yetu ya wanasesere.

Jinzi ikichanika magotini watu huitupa, kumbe nyuma ya mguu kitambaa bado kizima. Hapo ndipo tunapokata. Kwanza tunaifua peke yake, maana rangi yake huchuja. Tunashona kwa sindano namba 16, nyembamba hukatika. Nje ni bluu, ndani ni nyeupe-nyeupe, basi nguo moja inatoa gauni na kilemba. Tumboni tunajaza sufi. Macho tunayatarizi kwa uzi. Vifungo vinapendeza, lakini mtoto chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kikimkaba ni msiba.

Sasa jambo lenyewe. Mnunuzi husema, "Mama, si matambara tu haya?" Tumjibu kwa heshima: tambara ni la bure, mikono si ya bure. Kabla ya kutaja bei, tuhesabu uzi, sufi, nauli, na saa tulizokaa kwenye cherehani. Fedha hiyo ndiyo hisa yetu ya wiki, ndiyo mkopo wa mwenzetu anayetafuta sare za shule za watoto.

Haba na haba hujaza kibaba, na kwa miaka 10 tumeona. Lakini akina mama, kibaba hakijai tukiuza jasho letu kwa hasara.