Matairi ya Gari la Tawi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Mnajua kwamba gari letu la kuchukua wagonjwa na wafiwa liliteleza mvuani, Aprili 2024, katika mteremko wa Kinungi. Hakuna aliyeumia, lakini mjane tuliyekuwa tukimpeleka kwao alishuka akakataa kupanda tena. Sisi wa kamati tulikuwa tumenunua matairi ya mtumba kwa kuwa meno yake yalionekana mazuri. Kosa ni letu.

Baadaye tuliyasoma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilikuwa 1412, maana yake yalitengenezwa juma la 14 la mwaka 2012. Mpira ukizeeka huwa mgumu, haushiki barabara yenye maji hata ukiwa na meno. Sisi watu wa reli twajua: gurudumu la chuma likiteleza, dereva humwaga mchanga juu ya reli. Gari la barabarani halina mchanga. Lina mpira tu, na mahali kila tairi linapogusa chini ni kama kiganja cha mtu.

Basi twaomba mkubali matairi mapya, 185/65 R15 kama kiwanda kilivyoagiza, si mapana zaidi kama anavyotaka dereva wetu kwa ajili ya urembo. Fedha zikitosha mawili tu, yafungwe nyuma, ijapokuwa gari hili huvutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza, usukani hausaidii sana. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Mhazini anazo bei za maduka matatu. Twaomba azisome sasa, kabla hatujapiga kura.